Mafuta yameshuka duniani, mbona nyumbani kwangu ndo pesa zimepungua?

Swali: Salaam mwalimu. Mimi niko Mikindani, Mombasa. Kila nikiwasha redio nasikia bei ya mafuta imeshuka soko la dunia na eti ni habari njema kwetu sisi wanunuzi. Sasa mume wangu anaendesha trela la kontena kutoka hapa bandarini mpaka Juba, tripu zimepungua hadi anakaa nyumbani wiki na wiki. Kakangu yuko Riyadh udereva, asema ovataimu imekatwa. Mwanangu amemaliza fomu foo anataka akasomee welding ya mabomba aende Turkana mafuta yakianza. Na nauli ya hapa hadi mjini iko palepale. Hiyo habari njema inapitia wapi?

Jibu: Salaam dada. Wengi huniuliza tu kesho petroli itakuwa ngapi, wewe umeuliza pesa inapita njia gani, na hilo ndo swali lenyewe. Ukiangalia vizuri utaona nyumba yako imekaa pande zote mbili. Kwa ununuzi nyinyi ni wanunuzi kama sisi wote, lakini mishahara miwili inayoingia hapo kwako, ya shemeji na ya kakako, yote inatoka kwa watu wanaouza mafuta. Juba wanauza, Riyadh wanauza. Bei ikianguka muuzaji anaumia siku hiyohiyo, mnunuzi anasubiri wiki kadhaa na akija kufikiwa anakuta wengine washakula njiani. Kwa hivyo redio haidanganyi, inaongea habari ya nchi, haiongei habari ya nyumba yako.

Tuanze na wachimbaji manake huko mambo huenda mbio. Katikati ya 2014 pipa moja la Brent, hayo mafuta ambayo bei yake ndo hutumika kama kipimo sehemu nyingi za dunia, lilikuwa karibu dola 115. Wamarekani walikuwa washajua kupasua mwamba chini ya ardhi kule Texas na North Dakota, mafuta yakawa mengi kupita kiasi, halafu tarehe 27 Novemba 2014 OPEC, ule muungano wa nchi zinazouza mafuta, wakakutana Vienna na Saudia ikakataa kupunguza uzalishaji. Hesabu yao ilikuwa kwamba wenye gharama kubwa watachoka kwanza. Januari 2016 pipa likaenda chini ya dola 28. Mitambo ya kuchimba mafuta Marekani ilikuwa 1,609 Oktoba 2014, kufika Mei 2016 imebaki 316, yaani katika kila mitano minne imesimama.

Na hapa kuna kitu watu hawakishiki vizuri. Kisima kikishachimbwa kinaendelea kutoa mafuta na watu wachache sana, kazi nyingi ziko kwenye kuchimba kipya. Bei ikianguka kampuni haifungi visima vilivyopo, ile pesa ya kuchimba ishatoka na hairudi, bora wauze hata kwa bei ya hasara kidogo kuliko kuacha. Wanachoacha ni kuchimba vingine. Sa unapata ajabu hii, mafuta bado yanatoka mengi, bei inazidi kuanguka, na watu washarudi nyumbani. Dereva wa lori la mchanga na maji ya kupasulia mwamba hana tripu, fundi wa welding hana bomba la kuunga, mama mwenye mkahawa pale barabarani anapikia nani, na mwenye nyumba za kupangisha aliyejenga kwa mkopo wa benki anaangalia milango imefungwa. Calgary huko Canada, mji ambao ni wa maofisi ya kampuni za mafuta wala si wa visima, ukosefu wa kazi ulipita asilimia 10 mwishoni mwa 2016. Mpaka mhasibu anaguswa.

Sasa shemeji. Yeye habebi mafuta, abeba mchele na unga na vifaa vya ujenzi, lakini mteja wake anaishi kwa mafuta. Serikali ya Sudan Kusini hutegemea mafuta kwa karibu bajeti yote, na dola za nchi nzima ni humohumo. Mafuta yao hayana bandari, yapita kwenye bomba hadi Port Sudan, na kwa makubaliano ya 2012 walikuwa wanailipa Sudan kama dola 24 au 25 kwa kila pipa, ada ya kupitisha pamoja na fidia ya kutengana. Pipa likiwa dola 110 hilo si tatizo kubwa. Pipa likiwa dola 30, na mafuta yao huuzwa chini ya Brent, toa hiyo 24 uone kimebaki nini, na hapo hujamlipa aliyechimba. Ilibidi mapema 2016 Sudan ikubali kuipunguza ile ada. Lakini kabla ya hapo, Desemba 2015, Juba walikuwa washaiachia pauni yao ikaporomoka kwa siku moja kutoka kama 3 kwa dola hadi 18 na kitu.

Sa jiweke wewe ndo mfanyabiashara wa Konyo Konyo, ile soko ya Juba. Unauza mchele kwa pauni, unanunua kwa dola. Dola benki hakuna, mtaani ni ghali na inapanda kila wiki. Utaagiza kontena kumi kama zamani? Utaagiza mbili, tena ukisubiri uone. Kontena nane ambazo hazikuagizwa, hizo ndo tripu za shemeji. Haina haja mtu amfukuze kazi, simu haiiti tu. Na kwa vile madereva wengi wa hiyo njia hulipwa kwa tripu, mwenye lori hapunguzi mshahara wala haandiki barua, mshahara unajipunguza wenyewe.

Mwambie pia asisikilize bei ya pipa peke yake. Februari 2024 lile bomba lilipasuka upande wa Sudan sababu ya vita, mafuta mengi yakakwama, na bei ya dunia wakati huo ilikuwa nzuri tu, zaidi ya dola 80. Kwa Juba matokeo ni yaleyale, dola hakuna. Kwa hivyo habari za Port Sudan zamhusu mtu wa Mikindani kuliko habari nyingi za Nairobi, ingawa hakuna redio itakwambia hivo.

Lakini tusilitwike pipa kila mzigo. Wewe mwenyewe utakumbuka 2019 agizo la mizigo kupelekwa kwa SGR, ile reli mpya, watu wakaandamana hapa mjini zile Black Monday, mayadi mengi ya kontena yakabaki na walinzi na paka. Hiyo haikuhusiana na bei ya mafuta kabisa. Kazi ya lori Mombasa ilikuwa ishabanwa, Juba imekuja juu yake.

Kuna kundi lingine hapahapa ambalo watu hudhani lazima liumie bei ikishuka na haliumii. Wanaoshusha meli Kipevu, wa depo za Shimanzi, madereva wa tanka, wa bomba la kwenda Nairobi na Eldoret. Hawa maisha yao yamefungwa kwa lita, hayajafungwa kwa bei. Bomba linatoza kwa wingi wa mafuta na umbali, pipa likiwa dola 30 au 120 ada haijui. Bei ikishuka watu huendesha zaidi kidogo, lita zikaongezeka, wao wakafaidi. Kinachowaua hao ni mafuta kubadilisha njia, Uganda wakaamua kuchukua kwa Tanga au Dar es Salaam kwa mfano, au mtambo kufungwa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha 2013, na mwaka huo pipa lilikuwa juu ya dola 100! Kilifungwa kwa sababu mitambo ilikuwa ya zamani, ya tangu miaka ya sitini, na kuleta mafuta yaliyokwishasafishwa kukawa rahisi kuliko kusafisha hapa. Watu wa Changamwe wakapoteza kazi za ufundi nzuri sana wakati mafuta ni ghali. Kwa hivyo mtu akikwambia mafuta ghali ni kazi nyingi, muulize kazi zipi na wapi.

Kakako wa Riyadh hadithi yake ni fupi zaidi. Serikali kule ndo mteja mkubwa wa kampuni nyingi, barabara, majengo, hospitali, na pesa yake nyingi ni ya mafuta. Pipa likianguka serikali inachelewesha malipo kwa makontrakta, kontrakta anachelewesha kwa wadogo wake, na mwisho wa huo mnyororo kuna mgeni ambaye viza yake yategemea mwajiri na hawezi kupiga kelele. Mwaka 2016 walikata mpaka mishahara ya mawaziri asilimia 20 na marupurupu ya wafanyakazi wa serikali, ingawa baada ya miezi kadhaa marupurupu yakarudishwa. Na 2020, corona ilipoangusha bei tena, Julai wakapandisha VAT kutoka asilimia 5 hadi 15. Sa huyo kakako ovataimu imekatwa na vitu dukani bado anavilipia kodi hiyo, anabanwa juu na chini, na ile anayokutumia ndo inapungua. Muombe tu asikubali kusaini karatasi mpya ya mshahara bila kuisoma, na aweke picha za slip zote kwa simu. Wakati kama huu ndo madai hupotea.

Haya, upande wa kufaidi. Pampu.

Pipa lina lita 159. Tuseme limeshuka dola 20, kutoka 80 hadi 60. Gawa 20 kwa 159 unapata kama senti 12 na nusu za dola kwa lita, kwa dola ya shilingi 130 hiyo ni kama Sh 16. Ukiongeza VAT inayopungua pamoja nayo, kama Sh 19. Hizo ndo shilingi unazostahili kuziona, na ni nyingi. Mbona hazionekani zote? Kwanza EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya pampu, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hiyo yapigwa kwa meli zilizoshusha wiki zilizopita ambazo bei yake ilikatwa mapema zaidi, kwa hivyo unayoyasikia redioni leo yatafika Mikindani mwezi ujao au wa kufuata. Pili bei ya pampu si mafuta peke yake. Ushuru wa bidhaa wa petroli kama Sh 22 kwa lita, levi ya barabara ilipandishwa kutoka 18 hadi 25 Julai 2024, levi ya petroli 5.40, hizo tatu pekee zapita Sh 52 na hazishuki hata pipa likigawiwa bure. Juu yake VAT, iliyotoka asilimia 8 kwenda 16 Julai 2023. Alafu kuna ile nyongeza ya muuzaji na usafiri wa meli kwenye mkataba wa serikali na kampuni za Ghuba wa 2023, hiyo nayo ni ya makubaliano, haifuati pipa.

Na shilingi. Watu husahau shilingi. Katikati ya 2022 Brent ilipita dola 120 na petroli Nairobi ilikuwa Sh 159, serikali ilikuwa inafidia. Oktoba 2023 Brent ilikuwa chini ya dola 95 na petroli Nairobi ikawa Sh 217, bei ya juu kuliko zote tulizokuwa tumeziona. Pipa limeshuka, pampu imepanda! Manake fidia iliondolewa, VAT ikaongezwa, na shilingi ilikuwa inazama, kufika Januari 2024 dola ikawa karibu 160. Alafu shilingi ikarudi hadi 130 hivi, na Oktoba 2024 petroli ikawa Sh 180. Sisi Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa shilingi kama tatu kwa vile mafuta yanashukia hapa, ndo faida yetu ya kuishi karibu na Kipevu, shilingi tatu. Kwa hivyo dada, ukitaka kujua pampu itaenda wapi angalia pipa, angalia dola, na uangalie bunge mwezi wa sita. Bunge ndo hutisha zaidi.

Tulishawahi kuona pampu ikishuka kweli, Mei 2020 petroli Nairobi ilikuwa Sh 83. Lakini nani alikuwa anaenda wapi? Hoteli za Nyali na Diani zimefungwa, kafyu, matatu inabeba nusu ya watu. Bei ya mafuta ikianguka mno mara nyingi ni kwa sababu dunia imesimama, na dunia ikisimama watalii hawaji Mombasa na meli zinapungua. Ile ya 2014 ilikuwa nzuri kwetu kwa sababu mafuta yalikuwa mengi. Ya 2020 ilikuwa mbaya kwa sababu wateja hawakuwepo. Bei ni moja, sababu mbili tofauti, na mimi kabla sijafurahia huuliza kwanza imeshuka kwa nini.

Nauli sasa, na hapa nitamtetea makanga kidogo, najua hutapenda. Chukua Nissan ya watu 14, tuseme inachoma lita 25 kwa siku na inabeba watu 170 hivi. Mafuta yakishuka Sh 5 kwa lita imeokoa Sh 125 siku nzima, ukigawa kwa abiria hata shilingi moja haifiki kwa kila mtu. Nani atakurudishia senti 70? Sa mafuta yakipanda Sh 20 kwa mwezi mmoja, gharama ni Sh 500, yaani Sh 3 kwa abiria, lakini nauli haipandi kwa tatu, inapanda kwa kumi. Nauli inaenda kwa sarafu ya kumi na ya ishirini, mafuta yanaenda kwa shilingi mojamoja, na hiyo tofauti daima inaangukia upande wa gari. Alafu nauli hazipangwi na EPRA wala na mtu yeyote, hupangwa na stendi. Ile Sh 125 haijapotea, imeingia kwa dereva na makanga manake wao hupeleka hesabu ya mwenye gari na kinachobaki ndo mshahara wao. Hao ni wafanyakazi pia, na wao ndo walioisikia ile habari njema ya redioni kabla yako. Mwenye tuktuk na bodaboda vilevile, na mvuvi wa boti ya mashine ndo anafaidi kuliko wote kwa sababu hana hesabu ya stendi, kila lita anailipa mwenyewe na kila shilingi iliyoshuka inabaki kwake. Wewe abiria, bei ikishuka kwa miezi mingi, utafaidi kwa njia ya pembeni, nauli itakaa bila kupanda wakati vitu vingine vinapanda. Najua hiyo si zawadi ya kuchinjia mbuzi.

Mwanao na Turkana, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni miaka yake.

Mafuta yalipatikana kule Turkana kwenye kisima cha Ngamia-1 Machi 2012, pipa likiwa juu ya dola 110, na kila mtu akaona utajiri uko mlangoni. Bei ikaanguka 2014 na ndo ile niliyokwambia, kuchimba kukapungua, vijana wa Lokichar waliokuwa walinzi na madereva na wapishi kambini wakarudi kuchunga. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, yataka kupashwa moto kwenye bomba la zaidi ya kilomita 800 mpaka Lamu ambalo bado halijajengwa. Kuanzia Juni 2018 yakawa yanabebwa kwa malori hadi matangi ya Changamwe, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka hapa Mombasa na shehena iliyouzwa kama dola milioni 12. Picha nyingi zilipigwa siku hiyo. Mei 2020, bei chini tena, Tullow, kampuni iliyokuwa ikiongoza mradi huo, wakatangaza kwamba hali iko nje ya uwezo wao. 2023 washirika wao wawili, TotalEnergies na Africa Oil, wakajitoa. 2025 Tullow nayo ikauza kwa Gulf Energy. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi, na mara mbili mradi ulipoyumba, baada ya 2014 na tena 2020, kulikuwa na bei iliyoanguka.

Sheria ya Petroli ya 2019 inasema kaunti ipate asilimia 20 ya mgao wa serikali na jamii ya pale asilimia 5. Sawa, lakini asilimia 5 ya kitu ambacho bei yake inaamuliwa Vienna na Texas, mimi nisingemjengea mtoto maisha juu yake.

Welding asome, tena asome kwa bidii. Ila asisomee Turkana. Akipata vyeti vya kuchomelea mabomba ya presha, vile vinavyotambulika nje, anaweza kufanya kazi kwenye matangi ya Shimanzi, kwa yadi ya kutengeneza meli hapa, kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, au kwenye viwanda vya simiti hapa Pwani na vya chuma Mariakani, na Turkana ikianza kweli atakuwa na uzoefu na wataenda kumtafuta wao. Anayesoma kitu cha kisima tu, kisima kikisimama amesimama nacho, waulize wa North Dakota. Na akiona tangazo la kozi ya wiki mbili ya "kazi za rigi" yenye ada kubwa na ahadi ya ajira, apite mbali. Hizo hutokea kila bei ya mafuta ikipanda.

Kwa shemeji kuna jambo moja sijaelewa kwenye swali lako. Lori ni la tajiri na yeye hulipwa kwa tripu, au ana mshahara wa mwezi na tripu ni posho tu? Manake kama ni kwa tripu, ningemshauri aanze kuulizia mizigo ya Kampala na Kigali sasa hivi kabla wenzake wote wa Juba hawajaamka na wazo hilohilo. Wale wananunua mafuta kama sisi, kwa hivyo bei ikishuka wao wanabaki na dola zaidi za kuagizia vitu vingine. Kama ana mshahara, asubiri, ila amuulize tajiri wake lori lina mkopo wa benki au halina, manake mkopo haungoji tripu.